Swali la Sita

Mtihani wa hesabu ulikwisha saa nne asubuhi, na wanafunzi kumi na mmoja wa shule ya serikali wakatoka kukaa kwenye kivuli cha ukuta wa bohari ili walinganishe majibu. Karatasi zilikuwa zimechapwa Dar es Salaam, zikapanda hadi Newala ndani ya bahasha yenye lakiri, na shule zote za Mdachi kuanzia Tanga zilijibu maswali yaleyale siku ileile. Miaka miwili nyuma Mdachi alikuwa amewachomea watu nyumba na ghala za mtama. Sasa alitaka kujua kama wanaweza kujumlisha na kutoa.

Atakayepata maswali yote sita angeandikwa ukarani. Atakayekosa hata moja angeandikwa upagazi jioni hiyohiyo, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuja mwenyewe na ingekuwa taabu kumtafuta tena.

Dastani, kijana wa Chilangala, aliyasoma majibu yake kwa sauti ya mahubiri. Kila alipotaja jibu, Husseni aliitikia kwamba naye ameandika hivyo. Ilikuwa kweli, maana Husseni alikaa nyuma yake, na Dastani alikuwa na mabega membamba. Maswali matano yakapita bila ubishi.

Swali la sita lilisema hivi: wapagazi sitini waliondoka pwani, kila mmoja na mzigo wake, njiani wakafa kumi na tisa, je, walifika wangapi?

"Arobaini na mmoja," alisema Dastani.

"Arobaini na mmoja," alisema Husseni.

"Sitini," alisema Fikirini.

Wengine wakamgeukia. Fikirini alikuwa mtoto wa kijiji cha Makote, na kwao watu hawahesabiwi vichwa. Mama yake, Bi Pili, alimfunza tangu mdogo kwamba kumnyooshea mtu kidole na kusema huyu wa saba ni kumwitia kifo. Ukitaka kujua wamekuja wangapi shambani, hesabu majembe. Basi Fikirini alihesabu mizigo, na mizigo iliyofika ilikuwa sitini.

Hilo hakuna aliyelibisha. Bwana aliyetunga swali hakuwa na akili ya kubuni namba zake mwenyewe. Aliziokota kwenye ripoti ya msafara uliopanda Newala mwaka wa njaa. Haji, baba yake Fikirini, alikuwa mmoja wa wale kumi na tisa. Walikufa kwenye mpando, wakapumzika siku mbili, kisha wakafika na mizigo yao. Bohari ikapokea mizigo na kuwanyima posho, kwa kuwa majina yao yalikuwa yamekwisha kukatwa. Walingoja mpaka alasiri, wakateremka.

Tangu siku hiyo walifika kila mwezi. Watu wa pwani walipogundua, hawakuuliza sababu. Waliajiri wapagazi arobaini na mmoja, wakafunga mizigo sitini, na ile kumi na tisa wakaiacha langoni. Ilipofika saa ya kuondoka ilikuwa imekwisha kubebwa. Bwana mmoja alipandishwa cheo kwa ubunifu huo.

Haji alipokuwa akirudi pwani alipitia nyumbani kuomba maji. Bi Pili alimpa kata moja, na maji yakamtoka mbavuni yakamwagika uani. Mama huyo alinuna kila mara, kwa sababu maji yale aliyatoa bondeni, nusu siku kwenda na kurudi, lakini mwezi uliofuata alimpa tena.

"Kila mtu anajua kuwa wanafika," Dastani alisema. "Swali halikukuuliza unachojua."

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na Dastani alikuwa na za kumtosha kuishi miaka mingi.

Mwalimu Abdulkadiri, aliyeshika pia daftari la bohari, aliusikia ubishi akatoka. Alikuwa mtu wa pwani, aliyewaita watu wa mlimani washenzi hata alipokuwa akila mihogo yao. Bahasha alikuwa hajaifunga bado. Si kwamba alimpenda Fikirini. Mwalimu asiyefaulisha walau watatu alihamishwa, na kuna sehemu ambako tambuu ya kutafuna haipatikani. Akamwambia kwamba maiti hafiki. Fikirini akamjibu kwa adabu kwamba mwezi uliopita mwalimu mwenyewe aliwapokea.

"Niliipokea mizigo," alisema mwalimu. "Anayepewa posho ndiye aliyefika. Hiyo ndiyo hesabu." Akampa karatasi yake, kipande cha mpira na penseli.

Wakati huo msafara ukaingia. Walitangulia arobaini na mmoja, wakihema. Nyuma yao walikuja kumi na tisa, ambao hawakuhema. Haji alikuwa wa tatu katika hao, ana udongo masikioni na kasha la bia ya Bwana Mkubwa kichwani. Alilitua taratibu, akavua ngata, akaja kusimama ukutani penye kivuli, ingawa jua lilikuwa halimsumbui tena.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Fikirini akamwonyesha karatasi. Haji hakujua kusoma, hivyo mwanawe akamsomea swali lote, pamoja na ile kumi na tisa. Mzee akasikiliza kama mtu anayesomewa habari za ugenini. Kisha akauliza ni nini kitampata atakayekosa, akaambiwa.

"Andika arobaini na mmoja," alisema.

"Na wewe, baba?"

"Mimi nimekwisha kufika. Wewe kasha hili hulijui uzito wake."

Fikirini akafuta. Mpira ulikuwa mbaya, mali ya serikali, ukaacha doa pale ilipokuwa sitini, naye akaandika arobaini na mmoja juu ya doa. Mwalimu akaifunga bahasha. Haji akaenda kupanga mstari wa posho pamoja na wenzake, wakanyimwa.

Majibu yalirudi baada ya wiki tano. Fikirini, Dastani na Husseni walipata yote sita, na Husseni akasifiwa kwa mwandiko. Wanane waliobaki, ambao mwalimu hakuwatarajia kufaulu, walikuwa wamekwisha kubebeshwa mizigo jioni ya mtihani, bila kungoja majibu. Bi Pili alipoletewa habari alimshukuru Mungu, akalia sana.

Fikirini akapewa kanzu nyeupe, meza, na daftari la bohari ya Newala. Msafara wa kwanza alioupokea ulikuwa wa kawaida. Ulikuwa na mizigo sitini na watu arobaini na mmoja; aliwaandika watu kwanza, akapiga mstari chini. Kazi haikuwa ngumu. Wazee wa Makote waliopita walimwona akiwahesabu watu kwa ncha ya penseli, huyu wa saba, huyu wa nane, wakageuza nyuso.

Kisha wakaja wale wengine. Wa tatu alitua kasha la bia mbele ya meza, akavua ngata, akainama.

"Shikamoo, Bwana Karani."

Fikirini alilizungusha kasha kutazama kama limevunjika pembe. Lilikuwa zima.

"Marahaba," akajibu, macho yakiwa daftarini, akaandika: kasha moja.