Kila Jicho Lifungwe

...na kila jicho lifungwe, anasema Pasta Phares, kila jicho, hata la mzazi, lakini langu leo halifungiki, litafungikaje na ninamwona Celine wangu pale mstari wa tatu, ameketi wima kwenye kiti cha plastiki huku wenzake wote wa gredi ya tisa wamepiga magoti kwenye saruji, mtihani wa taifa ni Jumatatu, shule imeitisha siku ya maombi, shule ya serikali, ukiingia ofisini unaona bendera na picha ya rais, msalaba huoni, lakini leo uwanja wetu hapa Umoja umegeuzwa kanisa la mtu mmoja, spika mbili na chupa ya mafuta ya upako, baraka juu ya kalamu hizi, Bwana, kila kalamu ijue jibu, anasema, kalamu ijue jibu, na mwalimu aliyefundisha mwaka mzima yuko pale kando anatikisa kichwa kukubali... mimi si mpagani, jamani, mimi ni mama wa kanisa, nimeimba kwaya tangu nikiwa msichana, Mungu ananijua kwa jina langu, Roseline, lakini mtu huyu akimgusa mtoto wangu leo, haki ya Mungu, akimgusa tu... niliahidiwa, wiki jana niliacha kazi yangu Kariokor, nikaacha ndala za ngozi hazijashonwa shanga, nikaingia kwa mwalimu mkuu, Bi. Ndeti, na gundi vidoleni, nikamwambia, Madam, mwanangu ana kifafa, anameza dawa asubuhi na jioni, hii hapa barua ya daktari, naomba siku ya maombi asiitwe mbele, asiguswe, Bi. Ndeti akaisoma, akavua miwani, akasema, “Mama Celine, hakuna atakayemgusa, nakuahidi,” kisha akaongeza kwa ile sauti yao ya kubembeleza wagonjwa, “lakini na wewe usiogope, maombi hayajawahi kumdhuru mtu”... hayajawahi! mwangalie meno, Madam, mwambie acheke uone lile la mbele lilivyovunjika, ila hacheki siku hizi, anaziba mdomo kwa kiganja, na lilivunjikia hapa hapa, mwaka jana, sherehe ya kufunga shule, ameitwa kupokea zawadi ya Kiswahili, ametembea hatua nne, ya tano akaanguka mbele ya wazazi wote, na huyu huyu Phares akaruka jukwaani, pepo, toka! wakamvamia watu sita, mikono, magoti, mtoto anatetemeka chini yao wao wanazidi kumkandamiza, toka! toka! na tangu siku hiyo jina lake darasani ni Mapepo, njoo Mapepo, pisha Mapepo apite, shule ilipofunguliwa alirudi nyumbani siku ya kwanza akaniambia, “Mathe, mimi shule siendi tena,” akakaa wiki mbili ndani, na zawadi yake hatujaiona hadi leo... washindwe, anasema sasa, maadui wa watoto hawa washindwe, na wazazi, ameeen, Mama Shiku hapa kando yangu analia machozi ya kweli, simlaumu, anamtaka mwanawe apite, nani hataki, yule daktari wa kliniki alikuwa kijana mdogo lakini alinieleza vizuri kuliko wote, ubongo una umeme wake, mama, umeme ukiruka mwili unaanguka, mlaze ubavu, mlegezee kola, usimshike kwa nguvu, subiri, ni hayo tu, na kuna mtu aliyeyajua hayo kabla yangu, Musau, Musau mwenye kijana mrefu wa gredi ya saba, ndiye aliyepenya kati ya watu siku ile akipiga kelele, “Mlazeni ubavu! Mwacheni apumue!” na wakamsukuma, Musau yule yule ambaye miaka miwili iliyopita alisimama kwenye mkutano wa wazazi akasema taratibu, hii ni shule ya umma, kuna watoto wa Kiamaiko hapa ni Waislamu, kuna wasio na dini, kila mzazi amwombee mwanawe nyumbani kwake, tukamzomea mpaka akaketi... tukamzomea, nasema, tukamzomea, kwani nani alianza, Roseline, sema, nani alisimama akasema, “Kama humtaki Mungu, mtafutie mwanao shule ya wapagani,” watu wakacheka, wakapiga makofi, nikaketi nikijiona mtu... lo, anashuka, Phares anashuka jukwaani na chupa yake, anapita mstari wa kwanza, paji kwa paji, mstari wa pili, Bi. Ndeti yuko wapi, amefumba macho, ahadi yake naye ameifumba, mstari wa tatu, mwanangu hasogei, Phares amesimama mbele yake, “Piga magoti, binti,” na Celine, bila kuinua sauti, “Naomba usinishike, Pasta,” usinishike... Mungu wangu, neno hilo nalijua, alilisema mwaka jana, umeme ulipokwisha na macho yamerudi, amelala pale chini haelewi yuko wapi, akasema, mnishike taratibu, hapana, hakusema hivyo, alisema usinishike, Mama, usinishike, Mama, kwa sababu mmoja wa wale sita, aliyeishika miguu yake, aliyeibana kwa mikono yote miwili akisema toka katika jina la Yesu, aliyemgeukia Musau akamwambia ondoka hapa, mpinga Kristo, alikuwa... mwaka mzima nasema walimshika, walimkandamiza, wao, wao... anauinua mkono, vidole vinang'aa mafuta, na nimeshasimama, sijui miguu imesimama saa ngapi, nasema, “Mwache,” halafu kwa nguvu, “Pasta, mwache mwanangu!” na spika inaimeza sauti yangu, lakini amenisikia, ananitazama juu ya vichwa vyote vilivyoinama, mkono umebaki hewani, kisha unaenda kwa paji la mtoto anayefuata, pokea, anasema, pokea, na maombi yanaendelea kama yalivyokuwa, hakuna macho yaliyofunguka ila yetu sisi watatu, jua lile lile, wazazi wale wale, nimesimama peke yangu uwanja mzima, na Celine amegeuka, ananiangalia, hatabasamu, ananiangalia kama mtu anayesubiri, na hasira niliyokuja nayo ya kumwagia Bi. Ndeti bado ipo, atanisikia, Musau pia nitamtafuta, hata kama ni kwenda kubisha mlangoni kwake, lakini si hao wa kwanza, wa kwanza ni huyu, kabla hatujafika langoni, kabla hajaniuliza lolote, nitamwambia, mwanangu, aliyekushika miguu siku ile ni mimi.