Spana Haongei Nyumbani

Fundi cherehani alipanga viti sebuleni kwa hila. Kiti cha mumewe alikisukuma pembeni, ubavuni mwa kabati la vyombo. Cha Kengele akakiweka upande wa pili wa kabati hilohilo, ili hata wakinyoosha shingo kama twiga wasionane.

"Mama, mbona umepanga kama hospitali?" binti yake aliuliza.

"Kwangu hapa. Napanga nitakavyo."

Siku hiyo ilikuwa zamu yao kuwapokea wastaafu wa kiwanda cha nguo. Kila mwezi walikutana kwa mwenzao mmoja, wakanywa chai, wakawakumbuka waliotangulia, wakaulizana nani anaumwa na nani kahama. Aliyewashika pamoja ni Kengele, mfumaji wa zamani ambaye kicheko chake ndicho kilichompa jina. Yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwajulia hali. Bila yeye wangetawanyika kama shanga zilizokatika uzi.

Fundi cherehani alilijua hilo, na hakulipenda hata chembe.

Wale watu walikuwa na lugha yao. Kiwandani mashine zilinguruma mpaka mtu hasikii sauti yake mwenyewe, basi wakazoea kusemezana kwa midomo na vidole, kimyakimya. Mumewe, aliyekuwa fundi wa mashine na mpaka leo wanamwita Spana, nyumbani alikuwa gogo. Umwambie la asubuhi, "Eh." Umwambie la jioni, "Sawa, mama." Lakini kwenye msiba wa mwenzao mmoja, mkewe alijionea: Spana huku kwenye benchi, Kengele kule mlangoni, midomo inakwenda, vidole vinacheza, na Spana anazuia kicheko mpaka machozi yanamtoka. Alihisi kama amemeza kaa la moto. Mke ni yeye, mpishi yeye, mfuaji yeye, halafu maneno yote yanakwenda kwa mwingine, tena mbele za watu, bila hata kunong'ona!

Wageni walipofika, Kengele alikuwa wa kwanza kumkumbatia. "Wifi, hujambo?"

"Sijambo. Ila mume wangu hana dada."

"Ndiyo kanipata mimi uzeeni!" Kengele akacheka, vikombe vikaitikia.

Mtunza stoo wa zamani akaanza kuwataja marehemu. Wakamkumbuka msimamizi wa zamu aliyelala juu ya marobota ya pamba akaamka na ndevu nyeupe. Wakamkumbuka mtia rangi ambaye mikono yake haikutakata hata siku ya harusi yake, bibi harusi akatoka ukumbini na kiganja cha bluu mgongoni.

Fundi cherehani alikuwa akimimina chai, jicho moja kwenye birika, jingine kwa mumewe. Akaona. Vidole vya Spana vilimwambia jambo mtunza stoo aliyekaa mbele yake. Mtunza stoo akageuka, akalipeleka kwa Kengele. Kengele akaangua kicheko, akajibu, na jibu likarudi kwa njia ileile. Kumbe hila yake yote imewapatia tarishi tu!

Akaenda akasimama katikati, birika mkononi.

"Shemeji, unatuzibia," mtunza stoo alisema.

"Nawazibia nini? Kuna mtu kasema kitu?"

Wote wakacheka, na kicheko kile kikampasua.

"Chekeni! Mimi humu ndani naongea na ukuta. Mwenzenu huyu hana neno na mimi. Akija Kengele, kasuku! Ana nini huyu nisicho nacho mimi?"

Kengele aliweka kikombe chini. "Wifi, Spana hasikii."

"Anasikia anachotaka."

"Hasikii kabisa. Masikio yake yaliliwa na zile mashine, tangu hatujastaafu. Hajakuambia?"

Hilo la mwisho ndilo lililomuuma zaidi. Alijua masikio ya mumewe ni mazito, hakujua yamekufa. Na Kengele alijua! Yeye anayelala naye kitanda kimoja ndiye wa mwisho kuambiwa.

Akamgeukia mumewe, uso kwa uso. "Ni kweli?"

Spana alimtazama midomo. "Kweli."

"Yeye ukamwambia, mimi ukanificha?"

"Sikumwambia. Alijionea." Sauti yake ilikuwa kubwa mno, kama mtu aliye bado kiwandani. "Wewe, mama, unaongea umeinamia cherehani, pini mdomoni. Naona utosi tu. Nikasema, nikikuuliza 'unasemaje' kila saa, utanichoka. Bora niitikie."

"Huko kuitikia ndiko kulikonichosha!"

Spana akainua mkono. Kidole kikagusa kifua chake, kikachora kitu hewani, kikaishia kwa mkewe. Kengele akafungua kinywa. "Anasema..."

"Nyamaza wewe!" Fundi cherehani hakugeuza hata shingo. "Mume ni wangu, halafu nitafsiriwe?"

Akavuta kigoda, akaketi mbele ya Spana, magoti yakigusana. "Rudia. Polepole."

Spana akarudia. Mkewe hakuelewa. Spana akarudia tena, naye akamwiga kwa vidole vilivyozoea sindano, akakosea vibaya mpaka mtunza stoo akauma mdomo asicheke. Kule nyuma ya kabati Kengele alikuwa kimya, na ukimya ule ulimwingia fundi cherehani moyoni kama maji ya baridi. Wageni wakaanza kujimiminia chai wenyewe.

"Nifundishe matusi kwanza," alimwambia mumewe bila sauti, midomo mitupu, akitanua kila neno. "Nina mengi ya kukuambia."

Spana alisoma mpaka neno la mwisho, akakunja mikono ya shati, akaanza kumfundisha.