Sirudishi Kijani

Kiwandani kwetu, kiwanda cha mikate, watu wananiita Mama Seva, ingawa sina mtoto na seva yenyewe si yangu. Imefungiwa kwenye chumba cha baridi nyuma ya ofisi ya uhasibu, na ndani yake idara zote zinaweka mafaili yao, kalenda zao, matangazo yao na ugomvi wao. Mimi ndiye ninayeitunza. Mkurugenzi aliporudi kutoka mkutano fulani na hamu mpya ya takwimu, aliniita akasema anataka kurasa za grafu kwenye seva hiyo, zenye rangi, ili kila asubuhi akinywa chai aone kiwanda kizima kinavyokwenda bila kumuuliza mtu. Kijani ni salama, njano ni angalia, nyekundu ni hatari. Nilifurahi. Kazi ya namna hiyo naipenda, na zaidi nilijua kuna watu itawakera.

Maana kwetu kulikuwa na desturi. Kila Jumatatu wakuu wa idara walileta majedwali yao mkutanini, na kabla ya kuyaleta waliyapaka poda. Mikate iliyoungua iliandikwa kuwa imeiva vizuri. Gari lililokwama njiani liliandikwa kuwa limechelewa kidogo. Hodari wao alikuwa meneja wa uzalishaji, tuliyemwita Bwana Kijani kwa sababu kila kisanduku cha jedwali lake kilikuwa cha kijani, hata wiki ile tanuri kubwa lilipozimika tukauza mikate ya jana. Alinijia mezani na tabasamu lake, akanishauri kurasa zangu zisome kwenye jedwali lake, ili nisihangaike. Nilimshukuru sana. Kisha nikafungua akaunti ya huduma, yaani ya programu wala si ya mtu, nikaipa ruhusa ya kusoma tu, isiguse kitu, nikaielekeza moja kwa moja kwenye kompyuta za mashine, ambako kila mashine inajiandikia yenyewe ilipowashwa, iliposimama na sababu ya kusimama. Mashine hazijui poda.

Siku ya kuonyesha kurasa hizo nilikaa tayari kuona watu wakitafuta pa kuficha nyuso. Badala yake Bwana Kijani ndiye aliyeng'ara. Laini ya tatu, ya kukata mikate, haikuwa imesimama hata mara moja tangu mwezi uanze, na mimi nilikuwa nimeipa kanuni ya kawaida: kusimama kidogo ni kijani, kusimama sana ni nyekundu. Kijani tupu, juu mpaka chini. Mkurugenzi alipiga makofi, wengine wakafuata, na Bwana Kijani akainamisha kichwa kama bwana harusi. Mimi makofi yalinishinda. Dada yangu anafanya kazi laini ya tatu.

Huyu ni dada ambaye mama alipofariki aliacha shule ili mimi niendelee. Kazi yake naijua tangu nikiwa na sare ya shule, maana alikuwa akirudi nyumbani na kunisimulia. Mashine ya kukata ina visu vingi ndani na kifuniko cha usalama juu. Makombo yakijaa unafungua kifuniko, visu vinasimama vyenyewe, unasafisha, unafunga, unaendelea. Na makombo hujaa kila zamu. Mashine ile haiwezi kumaliza mwezi bila kusimama, labda kama mkate umeacha kuwa mkate.

Jioni nilimkuta jikoni akishona glovu yake ya kazini. Ncha ya kidole cha shahada ilikuwa imeondoka.

"Imekatwa na nini?" nikamuuliza.

"Na kazi."

"Dada."

Alishona kwanza akamaliza, akang'ata uzi, ndipo akaniambia, tena kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya sokoni. Fundi wa zamu alikuwa amefunga waya kwenye swichi ya kifuniko, kwa amri ya Bwana Kijani, ili mashine iamini kuwa kifuniko kimefungwa hata kikiwa wazi. Visu havisimami tena. Wao wanaingiza brashi na mikono huku visu vinakwenda. Aliyelalamika aliambiwa mlango wa kutokea ni uleule wa kuingilia. Mpaka siku ile, alisema, visu vilikuwa vimekula glovu tu, na kwa hilo alimshukuru Mungu.

"Usithubutu kusema," akamalizia. "Nikifukuzwa pale, nani ataniajiri kwa umri huu?"

"Na ukitoka pale bila mkono, nani atakuajiri?"

"Mkono ni wangu."

Nilitoka nje kabla sijasema maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake. Nilikuwa nimewaka. Nilimkasirikia yeye kwa woga wake, nikamkasirikia Bwana Kijani kwa roho yake, lakini kilichoniuma kuliko vyote ni ile rangi. Niliipaka mimi. Mtu alipigiwa makofi kwa visu vilivyokuwa vikitafuta vidole vya dada yangu, na ukurasa uliomletea makofi hayo niliutengeneza kwa mikono yangu na kujisifu.

Asubuhi niliwahi kazini nikabadilisha kanuni. Mashine ya kukata ikifanya kazi zamu nzima bila kifuniko kufunguliwa, rangi ni nyekundu, na chini yake maneno: swichi ya usalama ikaguliwe kabla ya kuwasha. Kisha nikaenda kwenye ruhusa za ukurasa. Awali ulionekana kwa wakuu wa idara peke yao. Nikaufungua kwa wafanyakazi wote, nikaurusha kwenye runinga ya kantini, ile ambayo mpaka siku hiyo ilikuwa na kazi ya kuwatakia watu heri ya kuzaliwa na kuwakumbusha kuvaa viatu vilivyofungwa.

Zamu ya asubuhi iliingia kunywa chai ikakuta ukuta umewaka wekundu. Hakuna aliyepiga kelele. Walisoma, wakatazamana, na watu wa laini ya tatu walipomaliza chai hawakuinuka. Msimamizi alipowauliza wanangoja nini, mmoja alinyoosha kidole kwenye runinga, akasema wanangoja ukaguzi, kama kampuni ilivyoandika. Dada alipita karibu yangu bila kunitazama.

"Umenivua nguo mbele za watu," akasema.

Yaliniingia, siwezi kudanganya. Lakini sikumfuata kumbembeleza. Heri lawama yake kuliko kilio changu.

Haikuchukua muda nikaitwa kwa mkurugenzi. Bwana Kijani alikuwa ameshafika, shingo imemvimba, anaeleza kwamba mfumo wangu una kasoro, kwamba mashine inayofanya kazi vizuri haiwezi kuwa nyekundu, kwamba mimi nina chuki binafsi. Nikaeleza habari ya waya. Mkurugenzi alimuuliza kama ni kweli, naye akajibu kuwa ni mpango wa muda wa kuongeza kasi. Mpango wa muda! Mkurugenzi akashika kichwa. Wanunuzi wakubwa walikuwa njiani kuja kukagua kiwanda, wangepitia kantini, wangeuona ukuta. Akaniambia nirudishe kijani kwanza, mengine tutazungumza wakishaondoka.

"Sirudishi," nikasema.

Aliniuliza kama najua naongea na nani. Nikamwambia najua, ndiyo maana nimekuja na kompyuta, nikaifungua nikaigeuza imwelekee. Seva yetu ina tabia moja ambayo watu husahau: ukibadilisha chochote, jina lako linabaki chini ya ukurasa pamoja na tarehe, na kila mwenye ruhusa ya kuuona analisoma. Pale chini lilikuwepo jina langu, nililoliacha asubuhi bila haya.

"Kibodi hii hapa, mzee," nikasema. "Nimeshakupa ruhusa. Bonyeza hapa, halafu hapa, ukuta utakuwa kijani. Jina langu litatoka, lako litakaa. Mtu akikatika mkono, kiwanda kizima kitasoma jina hilo."

Mkurugenzi aliitazama kibodi, kisha akaisukuma upande wa Bwana Kijani, akasema hiyo ni idara yake. Bwana Kijani, aliyependa kijani maisha yake yote, akatia mikono mifukoni.

"Mtaalamu ni yeye," akasema.

Nilicheka. Haikuwa adabu, lakini kicheko kilitoka chenyewe, na sikukiombea radhi.

Mwishowe mkurugenzi alisema waya utoke. Alisema akitazama dirishani, kana kwamba wazo limepita nje na yeye amelidaka. Kisha akanigeukia akaniambia kuwa kiburi changu nacho kitatafutiwa dawa wageni wakishaondoka. Nikamjibu kuwa nitakuwepo chumba cha seva, na kuna baridi, aje na koti.

Fundi alikata waya, watu wa laini ya tatu wakainuka, visu vikaanza. Mimi nilirudi kwenye skrini yangu nikijifanya nina kazi nyingine. Wageni walikuwa wameshaingia, wanapokewa ofisini, wakati mstari wa laini ya tatu ulipokatika ghafla. Kusimama, ukaandika. Kifuniko wazi, visu vimezimwa. Sikungoja kusoma zaidi. Nilitoka mbio, nikapita uhasibu, nikapita matanuri, viatu vikiteleza kwenye unga.

Dada alikuwa amesimama mbele ya mashine, kifuniko kiko juu, mkono wake mmoja bado umekishika. Upande wa pili, mkono wa koti lake la kazi ulikuwa umenaswa pale mikate inapoingilia, kitambaa kimevutwa mpaka kwenye kiwiko, na mwenzake alikuwa akikikata polepole kwa mkasi ili amtoe. Visu vilikuwa palepale, vimegusana na kitambaa, vimetulia. Uso wa dada ulikuwa umepauka.

Bwana Kijani alikuja nyuma yangu akihema, wageni wakionekana mlangoni, akauliza nani amesimamisha mashine, nani amesimamisha mashine leo hii, saa hii.

Kitambaa kikakatika. Dada akautoa mkono, akautazama kwanza upande huu na upande huu, kisha akauinua juu mbele ya uso wake, vidole vyote vitano.

"Mimi," akasema.