Katuni Iliyopigwa Mstari

Asubuhi, kabla wateja hawajaanza kumiminika, fundi wa friji aliketi juu ya kreti karakanani, simu ameiegemeza kwenye kompresa iliyokufa, akitazama katuni za watoto wadogo. Mtu mzima na ndevu zake. Iliyomridhisha aliiandika kwenye karatasi. Isiyomridhisha aliipiga mstari.

Hakuwa amerukwa na akili. Alikuwa na binti wa miaka minne, waliyembandika jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, na mama yake Chiriku alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mwalimu wa chekechea alisema mtoto akinyang'anywa nafasi kwenye bembea hukaa pembeni akalia, akisubiri wa kumtetea. Habari hiyo ilimkaa fundi rohoni. Aliona dunia haina huruma na mtoto wa kike asiye na mama, na samaki hukunjwa angali mbichi. Kwa kuwa Chiriku aliiga kila alichokiona kwenye skrini, basi baba angemtafutia wasichana wa kuigwa.

Wazo lilikuwa zuri. Tatizo ni kwamba fundi alilishughulikia kama friji: kinachovuja kizibwe. Nahodha mdogo wa kike aliyevuka dhoruba bila kupepesa jicho, alipita. Msichana rubani aliyevunjika mguu huku akitabasamu, alipita kwa alama zote. Fuko wa kike, yule mnyama mchimba ardhi, alikaribia kupita. Ila katika sehemu ya tatu handaki lilimwangukia, akalia, akaita wenzake wamfukue. Fundi akampiga mstari.

Karatasi aliibandika kwenye mlango wa friji nyumbani, kila katuni na kipicha chake, kwa kuwa Chiriku hakujua kusoma. Mtoto aliuliza fuko kakosa nini. Akaambiwa analialia.

Dada yake fundi, aliyehamia pale kusaidia kulea, alimcheka. Alisema mchagua jembe si mkulima, na kwa mwendo ule mtoto atamaliza shule karatasi haijaisha. Kisha akamuuliza, bila kucheka, kama kulia ni kosa kiasi hicho. Fundi alijibu kwamba mtoto hajawahi kumwona yeye akilia. Ilikuwa kweli. Tangu msiba alikuwa akilia bafuni, bomba amelifungulia.

Baada ya wiki tatu matunda yakaonekana. Mwalimu alisema Chiriku hanyang'anywi tena nafasi, wala halii tena. Fundi alitembea kichwa juu, asijiulize kwa nini nyumba imekuwa kimya.

Jioni moja, akimnawisha Chiriku mikono kabla ya kula, aliona kidole chake cha kati. Ukucha ulikuwa mweusi, na kidole kimevimba mpaka kinang'aa. Mtoto alimtabasamia lile tabasamu la rubani.

"Hiki kimefanya nini?"

"Mlango wa darasa."

"Saa ngapi?"

"Tulipofika asubuhi."

"Mbona hukumwambia mwalimu, mwanangu?"

Chiriku alimshangaa, maana aliulizwa jambo ambalo baba alilijua vizuri kuliko yeye. "Shujaa hasemi, baba. Akilia anapigwa mstari."

Siku nzima mtoto wa miaka minne alikuwa amebeba maumivu peke yake, na aliyemfundisha kuyabeba ni baba yake. Dada yake alileta barafu, akasema mficha uchi hazai, na hakumwambia mtoto. Alikuwa akimwangalia kaka yake.

Zahanati ilikuwa mtaa wa pili. Mfupa ulikuwa mzima. Nesi alikifunga kidole bandeji, akamsifu Chiriku kwa kutolia, na fundi akaona aibu.

Waliporudi aliitafuta ile katuni ya fuko, wakabanana wote watatu kwenye kochi. Handaki likaanguka, fuko akalia gizani, akawaita wenzake mmoja mmoja kwa jina. Wakamfukua. Akajikung'uta vumbi, akachukua taa, akarudi kuchimba. Hapo fundi hakuwahi kupaona. Alikuwa ameizima simu fuko alipoanza tu kulia na kuita.

Chiriku hakuwa akitazama skrini. Alikuwa akimtazama baba yake, aone kama atachukua kalamu. Akakuta mashavu yake yamelowa, na safari hii hakuna bomba lililofunguliwa.

"Kinauma," akasema polepole.

Kisha akalia kilio cha siku nzima, kamasi zikimchuruzika, na fundi akampakata bila kumwambia nyamaza. Alipomaliza alijifuta kwa mkono mzima, akaanza kusimulia: mlango, aliyeufunga, kiatu cha rafiki yake, nani kagombana na nani, bila kituo, mpaka shangazi akasema chakula kimeshapoa mara mbili.

"Ngoja kwanza, shangazi," Chiriku akasema. "Baba, rudisha nyuma. Nataka kumwona akirudi handakini."