Hodi ya Grasiana

Kila siku saa kumi alasiri Grasiana alizima mashine ya fotokopi, akaifunika kitambaa, akavuta stuli hadi kwenye ukuta wa mbao na kula andazi lake. Hakuna mteja wa steshenari yake pale Manundu, Korogwe, aliyejua kwa nini andazi moja lilimchukua nusu saa. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na banda la gemu la Deogratius, na mbao zenyewe zilikuwa nyembamba kiasi kwamba ukipiga chafya huku, kule wanakuitikia "afya!"

Kwa miezi mitano hakuwahi kuiona ile gemu ya bunduki, lakini aliijua. Alijua risasi zinaisha lini, kwa kuhesabu. Alijua buti likikanyaga bati halilii kama likikanyaga zege. Zaidi ya yote aliijua sauti ya Deo akiwafundisha wateja: "Usikimbie, ndugu yangu. Simama, sikiliza. Hii inachezwa kwa masikio."

Na Grasiana, andazi mdomoni, alisikiliza.

Siku hiyo hakufika hata nusu ya andazi. Mbao ziligongwa mpaka kalenda ikaanguka.

"Grasi! Njoo utuokoe!"

Ilikuwa siku ya mechi. Deo na Sufiani wa Handeni walitaka kuunganisha mabanda yao yawe banda moja, ila kila mmoja alilitaka mjini kwake. Wakakubaliana waamue kwa gemu, wawili kwa wawili: atakayeshindwa abebe TV zake ahame. Grasiana aliyajua hayo kupitia ukutani. Handeni wakishinda, Jumatatu Deo hayupo. Wiki nzima Grasiana alikuwa akienda mlangoni pa Deo kumwambia jambo, na kila alipofika aliishia kuuliza kama kuna mtu anahitaji laminesheni.

"Kasmiri, niliyepaswa kucheza naye, amepata pancha Segera," Deo alimwambia alipoingia bandani, jasho likimtoka. "Tusipotimia wawili, tumeshindwa."

"Mimi sijawahi hata kushika padi ya gemu!"

"Wewe kaa tu tutimie."

Sufiani alipomwona alicheka mpaka akashika mbavu. "Wameleta steshenari! Dada, umekuja kututolea kopi?"

"Atuchapie na barua ya uhamisho wa Deo," akadakia mwenzake, Iddy.

TV mbili zilikuwa zimepeana mgongo, kila upande na yake. Bunduki ya kwanza ilipolia, padi ilitetemeka mikononi mwa Grasiana kama kifaranga. Akapiga kelele, akaitupa. Banda zima likaangua kicheko. Akaiokota. Safari hii akatazama vizuri. Kwenye kioo hapakuwa na mtu, ila mikono miwili na bunduki, na mikono ile ilikuwa yake. Ilipanda na kushuka kwa pumzi. Akisogeza kidole gumba, dunia nzima inageuka. Alipochungulia kwenye kona aliinama na mwili wake wa kweli, nusura amwangukie Deo.

"Kuinama hakusaidii," Deo akanong'ona.

"Najua," akasema, akainama tena.

Kisha masikio yakaamka. "Deo, kushoto, juu ya bati. Amebakiza mbili. Moja. Anajaza!" Deo akageuka, akamlaza Iddy.

"Huyu dada ana jini!" Iddy alilalamika.

Wakafika raundi nne kwa nne. Raundi ya mwisho Deo na Iddy waliuana pamoja, wakabaki Grasiana na Sufiani, ndani ya jengo lenye korido ndefu na milango mitatu iliyofungwa. Sufiani alikuwa amechutama mahali, kimya kabisa. Grasiana alisahau stuli, akasahau watu, akasahau hata aibu. Alikuwa mle koridoni. Na mbele ya mlango uliofungwa akafanya alichofundishwa tangu mdogo.

"Hodi?"

"Karibu!" Sufiani akaitika kutoka nyuma ya TV yake, na kwa kuwa naye alilelewa vizuri, kidole kikamwinua askari wake ampokee mgeni.

Sakafu ikalia. Mlango wa kati, nyuma ya ukuta wa mbao. Grasiana alizijua mbao. Hakufungua mlango, alipiga risasi palepale ukutani.

Banda lililipuka. Watu walirukaruka, stuli zikaanguka. "Adabu imeniua!" Sufiani alipiga mayowe, akicheka mwenyewe. "Mama yangu kaniponza!"

Deo alimtazama Grasiana kama mtu anayemwona mara ya kwanza. "Grasi, umejifunzia wapi?"

Macho yote yakamgeukia. Aibu ikarudi mbio.

"Nimeacha mashine inawaka," akasema, akakimbia.

Mashine ilikuwa imezimwa. Alikaa kwenye stuli yake, akaokota andazi lake lililobaki, uso unawaka moto, anacheka peke yake, machozi yanamtoka. Halafu akagonga ubao.

"Hodi."

Upande wa pili pakawa kimya ghafla.

"Karibu," Deo akaitika, karibu sana na mbao.

"Kuna mtu... kuna mtu anahitaji laminesheni?"

Iddy akacheka. "Nyamaza wewe!" Sufiani akamkemea.

Grasiana akaliweka andazi chini.

"Si hivyo," alisema. "Kila siku saa kumi huwa nakaa hapa nakusikiliza, Deo. Hata tungeshindwa leo, ningekuomba usiende. Nakupenda."