Midomo Minne ya Kabureta

Kabureta ilikuwa na midomo minne, na Safia aliifunga mwenyewe juu ya injini ya silinda sita ya gari la mteja, kwenye gereji ya mjomba wake Muharami. Tangu milango ya biashara ifunguliwe, vipuri vya namna hii vilianza kuonekana Mwanza. Alizungusha skrubu kidogo kidogo huku akisikiliza sailensa, mpaka gari lile jekundu la michezo likaacha kukohoa, likapumua sawasawa kama mtoto aliyelala.

"Kalijaribu, lakini usikanyage mafuta kupita nusu," alisema mjomba. "Kesho mwenye gari anavuka nalo Sengerema, likabebe maharusi."

Midomo miwili ya nyuma hufunguka tu ukikanyaga mpaka chini. Kwa mwendo wa maharusi isingefunguka kamwe.

Barabara ya Nyegezi ilikuwa tupu. Safia akakanyaga mpaka chini. Pumzi ya pili ikaingia, nzito, ya baridi, kana kwamba ziwa zima linavutwa ndani ya injini. Majabali yakapita kama mawingu. Hakujua tena kama anaendesha au anaelea.

Aliporudi, mjomba aliinama akanusa boneti.

"Umekanyaga wewe!"

"Nimekanyaga, mjomba. Midomo yote minne imeimba."

"Gari la watu! Na kama ungeligonga? Bwana harusi apande punda?"

"Hata huyo punda angekanyaga mafuta kidogo."

"Usinichekeshe, Safia. Omba radhi."

Safia alimtazama machoni, uso bado umejaa upepo.

"Siombi."