Nani Analala Hapa

Barua ya wafadhili ilifika Novemba 1996, na Dakta Respicius aliisoma mara mbili kabla ya kunipa. Ilikuwa na kurasa mbili, lakini mimi niliona sentensi moja tu: fomu za kijiji cha Haneti zinaonekana zimetungwa. Fomu hizo nilizijaza mimi. Nyumba mia moja na arobaini kwa miguu yangu, kwenye lile jua la Septemba, halafu mtu aliyekaa Ulaya na kikombe chake cha kahawa aseme nilikaa kivulini nikatunga!

"Naacha kazi," nilisema.

"Kaa chini kwanza, Yudith."

Nikakaa. Tangu aniajiri Dakta hakuwahi kunipandishia sauti, na mtu wa namna hiyo huwezi kumbamizia mlango.

Tulikuwa tunafanya utafiti wa vikope, ule ugonjwa wa macho wa kuambukizana unaoanza kwa watoto kama usaha na kuwaishia wazee kwa upofu. Dawa zilikuwa chache, na gari lilikuwa moja. Kwa hiyo Dakta alitengeneza programu ya kompyuta. Unailisha habari za nyumba ambazo watoto wake wameshapimwa: maji yako umbali gani, ng'ombe wanalala wapi, watoto ni wangapi. Nayo inajifunza yenyewe, kisha inakutajia nyumba usizozifikia: hapa pana ugonjwa, pale hapana. Mimi niliyezoea kompyuta za kuchapia barua niliona ni uchawi wenye cheti. Lakini ilipatia, vijiji vitatu mfululizo, kila siku ambayo umeme haukukatika.

Haneti ikaanguka vibaya. Manesi walipopima shuleni, watoto wa nyumba zilizotajwa kuwa salama ndio waliojaa usaha machoni. Wafadhili walitupa mpaka mwisho wa mwezi tueleze kwa nini, la sivyo fedha za awamu ya pili zisahaulike. Na awamu hiyo ndiyo ilikuwa na upasuaji, kwa wazee ambao kope zao zimegeukia ndani na kukwaruza jicho. Jina la kwanza kwenye orodha ya waliosubiri lilikuwa la Loisi, bibi yangu mzaa mama, wa Haneti hapo hapo.

Kesho yake nikapanda lori na fomu zangu mkobani. Nilirudia nyumba ishirini nikiuliza maswali yale yale, na akina mama wakanijibu vile vile. Una watoto wangapi? Wanne. Fomu inasema wanne. Nilikuwa sahihi kila nyumba, na usahihi wangu haukunisaidia kitu. Nilizidi kukasirika.

Jioni nikafika kwa Bibi. Alikuwa amekaa mlangoni mwa tembe lake na kibanio kidogo cha chuma, aking'oa kope kwa kupapasa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema akinishika mkono. "Umekonda. Huko mjini hawapiki mlenda?"

Hata sijajibu, watoto wakaanza kuingia. Mmoja na mwenzake, kisha watatu pamoja, mpaka nikahesabu wanane. Wakatandika ngozi ya ng'ombe chini wakajipanga, kila mmoja anajua nafasi yake. Bibi akawafuta nyuso mmoja mmoja kwa pindo la kitenge, kisha akajifuta na yeye kwa pindo hilo hilo.

"Bibi, hawa wanalala hapa?"

"Sasa walale wapi? Mama zao wana wachanga."

"Mbona Septemba hukuniambia?"

"Uliniuliza nina watoto wangapi nyumbani. Nina watoto gani mimi? Wote wameshaolewa."

Nikafungua mkoba nikaitafuta fomu yake. Mwandiko ulikuwa wangu: mjane, anaishi peke yake, hakuna mtoto. Gari lisingesimama hapo hata mara moja. Na mimi nililala kwenye ngozi kama hiyo, katika chumba hicho, mpaka darasa la sita! Kwetu mtoto akishaachishwa ziwa anahamia kwa bibi. Ni jambo la kawaida mno, hata mama anapotaja watoto wake huwataja wote bila kufikiria wanalala kwa nani. Mgeni angeuliza. Mimi mwenyeji niliona sina haja.

Aibu iliyonishika ilimaliza hasira yote. Siku nne zilizofuata nilipita kila nyumba na swali moja jipya: nani analala hapa? Dakta alipoyaingiza majibu yake kama safu mpya, kompyuta ikazitaja nyumba za mabibi karibu zote. Tulilinganisha na orodha ya manesi, mtoto kwa mtoto, na safari hii ilipatia. Dakta alipiga meza akacheka kama mtu aliyeoa.

Nilimwomba awaandikie wafadhili kwamba kosa ni langu. Aliandika, "Swali tuliliuliza vibaya sote, Yudith amelisahihisha." Barua hiyo ninayo nakala yake mpaka leo. Namshukuru Dakta kwa neno lile "sote", na kusema kweli namshukuru hata yule bwana wa kahawa, maana asingetushuku ningeendelea kujaza "peke yake" mpaka nistaafu. Januari walijibu kwamba fedha zitakuja.

Bibi alipasuliwa Machi, katika zahanati ya Haneti. Nesi alipotoa bandeji nilikuwa nimeketi kando yake. Uoni uliokwishapotea haukurudi, na tulikuwa tumeambiwa hivyo tangu mwanzo. Lakini alikaa macho wazi, akapepesa, akapepesa tena, akisubiri maumivu ambayo hayakuja.

"Hayakwaruzi," alisema.

Nilikuwa nimelibeba neno langu tangu Novemba, nikalitoa. "Bibi, macho yako tuliyaharibu sisi. Mimi na wenzangu. Kila mwaka tulikuja kulala kwako na vikope vyetu."

"Najua," alisema. "Bibi yangu mimi alipofuka hivyo hivyo, nami nilikuwa nalala kwake. Sasa wewe ulikuja una miaka miwili, unalia macho yanawasha. Ningekulaza wapi?"

Nikaushika mkono wake nikasema asante, Bibi, nikarudia, mpaka nesi akatuomba tumpishe mgonjwa mwingine.